Naibor na Lile Korongo

Wengi wenu mnanijua kwa jambo moja tu, nalo ni kuchelewa. Wale tuliokuwa pamoja kidato cha pili mtakumbuka ile asubuhi ya Oktoba 2024, mwalimu wa zamu aliponiuliza mbele ya umati sababu ya kufika shuleni saa mbili na robo, nami nikajibu bila kufikiri, "Punda alikataa kuruka." Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka jikoni. Tangu siku hiyo jina langu la kubatizwa likasahaulika, nikaitwa Mama Punda, na wapo ambao mpaka leo wakiniona hulia kama punda. Sina kinyongo nao. Lakini mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliponiambia niandike kisa changu mwenyewe, wala si ile insha ya ajali niliyoishuhudia ambayo kila mmoja wetu ameshaiandika mara kumi, nikaona heri nieleze kwa kituo jambo ambalo siku ile sikupewa nafasi ya kulieleza.

Kwetu si Kitengela ile ya stejini, ya magorofa na maduka ya simu. Kwetu ni uwandani, kule ambako lami hukoma, zikafuata ploti za hamsini kwa mia, kisha ploti nazo zikaanza kuachana na nyasi zikaonekana. Koko, yaani nyanya yangu, hutuambia kwamba enzi za usichana wake mtu aliweza kutoka huku akatembea hadi mbuga ya Nairobi bila kugusa waya. Siku hizi kila mwenye ardhi ana ua lake, na njia ya kwenda majini ni ile tu iliyosalia katikati ya nyua za watu.

Maji tunayachota kwenye kisima cha mashine, mwendo wa nusu saa hivi. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, ana kibanda cha chai na chapati karibu na nyumba zinazojengwa, na wateja wake ni watu wa mjengo. Bila maji hakuna chai, na bila chai hakuna pesa ya chakula changu cha shuleni wala madaftari ya wadogo zangu. Kwa hiyo kila siku ya masomo, saa kumi na nusu alfajiri, wengi wenu mkiwa bado mnakoroma, mimi huwa njiani na punda wetu na mitungi minne ya lita 20. Ikijaa ni kilo 80. Naomba msomaji aikumbuke hiyo hesabu, kwa maana mimi mwenyewe sikuwahi kuipiga mpaka nilipolazimishwa.

Punda mwenyewe ni jike, na jina lake ni Naibor, maana yake mweupe, ingawa kusema kweli ni wa kijivu na weupe wake uko tumboni na puani tu. Alitufikia baada ya ule ukame wa 2021 na 2022. Ng'ombe wetu waliisha mmoja mmoja hadi Baba akawachukua wachache waliosalia akaenda kuishi nao kwa ndugu zake, ng'ambo ya mji wa Kajiado. Koko, ambaye pia anaishi upande huo, akampa yeyo Naibor. Kwa desturi yetu sisi Wamaasai ng'ombe ni wa wanaume, lakini punda ni wa mama. Ndiye mguu wake na mgongo wake.

Basi ikaja ile mvua ya Aprili 2024. Nadhani hakuna asiyeikumbuka. Mafuriko yaliingia nyumba za watu Kitengela na Athi River, na shule zote nchini zikachelewa kufunguliwa mpaka Mei 13. Huko kwetu maji yalishuka kwa kasi kutoka kwenye ploti za juu, na kwa kuwa nyua na kuta zimeyaziba mapito yake ya zamani, yakajichimbia njia mpya. Yalipokauka tukakuta korongo limeikata njia yetu ya maji. Halikuwa kubwa la kutisha. Upana wake ulikuwa kama hatua yangu moja ndefu, na kina chake kilinifika kiunoni. Lakini kulizunguka, kufuata waya za watu mpaka kwenye daraja la barabara, ilikuwa saa nzima zaidi. Mtu wa kidato cha pili mwenye kengele ya saa moja na nusu hana hiyo saa.

Mwanzoni Naibor aliruka vizuri tu. Nilikuwa natangulia, navuta kamba, naye hup! yuko ng'ambo. Wakati wa kurudi nilipunguza mitungi miwili, nikaivusha kwa mikono, naye akaruka na miwili. Nilijiona bingwa. Halafu asubuhi moja ya Juni ukingo ukabomoka chini ya miguu yake ya nyuma, akatumbukia, mtungi mmoja ukapasuka na mwingine ukamlalia ubavuni. Tulihangaika mpaka kukapambazuka ndipo akatoka. Siku hiyo nilikuwa na mtihani wa hisabati, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtungi uliopasuka na ya mtihani. Naibor mwenyewe sikumtazama hata mara moja kuona kama ameumia.

Kesho yake alisimama hatua tatu kabla ya korongo. Akakaza miguu yote minne kama meza. Nikavuta, akakataa. Nikasukuma, akakataa. Nikamtukana kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo ninachokijua. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Nilianza kufika shuleni saa mbili, saa mbili na nusu, na yeyo akaanza kununua maji ya mkokoteni, faida yote ya chai ikawa inaishia kwenye mitungi ya watu wengine.

Hapa nina jambo la kukiri. Nilimpiga. Nilimpiga kwa fimbo mgongoni na miguuni, na siku moja, nikiwa nimevuta ile kamba ya kichwani kwa mkono mmoja nimemkazia kichwa juu ili asigeuke, nilimpiga sikioni mpaka damu ikatoka. Hakulia. Alifumba macho tu. Wanafunzi wenzangu, mimi ndiye yule msichana aliyewahi kusimama katika mjadala wa darasa na kusema adhabu ya kiboko haifundishi mtoto chochote. Nilipigiwa makofi siku hiyo.

Mambo yakafika kwa yeyo. Kuna mtu alikuja na pikipiki, simjui jina wala kwao, akamwambia amesikia ana punda mkorofi na yeye yuko tayari kumchukua kwa shilingi elfu kumi na nane, pesa mkononi. Yeyo hakumjibu siku hiyo. Alisema Naibor ni wa Koko kabla ya kuwa wake, na Jumamosi iliyofuata tukapanda matatu mimi na yeye tukaenda Kajiado kumwuliza.

Koko alisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai. Kisha akauliza swali moja tu, "Huyo mtu anataka punda mkorofi amfanyie kazi gani?" Yeyo akanyamaza. Koko akatukumbusha mambo yaliyoanza mwaka wa 2016, vichinjio vya punda vilipofunguliwa nchini na ngozi zikawa zinapelekwa Uchina kuchemshwa zitoe gundi ya dawa inayoitwa ejiao. Wezi wakaanza kupita usiku. Jirani zake waliamka wakakuta vichwa na kwato vichakani, ngozi hakuna. Mama mwenye punda wanne akabaki akibeba maji kwa mgongo wake mwenyewe. Baadaye nilizitafuta takwimu nikaona Koko hakutia chumvi: sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 katika Kenya, na ile ya 2019 ikahesabu chini ya milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024, huko Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Siwezi kuapa kwamba yule wa pikipiki alikuwa mnunuzi wa ngozi. Lakini hakuna aliyetaka kubahatisha.

"Akirudi mwambieni punda hauzwi," Koko alisema. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kwa muda. "Na hilo sikio, nani amempasua?" Yeyo ndiye aliyekuwa amemsimulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa nije kwa Mzee wa Farasi. Hilo ndilo jina tunalomwita sisi watoto, na ploti yake iko karibu na lile korongo. Ni mtu wa Kakamega, lakini Kitengela imeshamfundisha kugusa kichwa cha mtoto anayemsalimu. Kabla ya kustaafu alikuwa saisi, yaani mtunzaji wa farasi, katika mazizi ya huko Karen, miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kuwalisha, kuwasugua, kuwatembeza, na kupanga zile fito wanazoruka. Wale farasi wa kuruka viunzi aliwapeleka mara nyingi kwenye maonyesho ya kilimo uwanja wa Jamhuri. Sebuleni kwake kuna picha moja tu ukutani. Si ya mkewe, si ya Rais, ni ya farasi.

Wiki ile tuliyotoka Kajiado alinikuta asubuhi pale korongoni, nikiwa na kamba mkononi, fimbo nimeitupa, nalia kwa hasira.

"Wewe msichana, mnapigania nini na mnyama saa hii?"

"Babu, huyu punda ni mkaidi. Alikuwa anaruka, sasa hataki. Ananichezea tu."

Akacheka kidogo. "Hakuna mnyama anayejua kuchezea mtu, mjukuu wangu. Hiyo ni kazi ya binadamu. Hebu legeza hiyo kamba."

Nikailegeza. Naibor akashusha kichwa polepole mpaka pua ikakaribia kugusa vumbi, akainyoosha shingo kuelekea korongoni, akapumua kwa nguvu. Mzee akasema, "Unaona? Anatazama. Siku zote hizo umemnyima kutazama."

Kisha akanifundisha jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule nilichosoma. Aliniambia niweke ngumi yangu katikati ya paji la uso, nijaribu kuona vizuri kilicho mbele ya pua yangu. Farasi na punda, alisema, macho yao yako pembeni mwa kichwa. Wanaona karibu pande zote, hata anayewajia kwa nyuma kidogo wanamwona, lakini kuna mahali wasipoona, nalo ni pale mbele kabisa ya uso wao na chini ya pua. Kitu kikiwa mbali wanakiona. Kikikaribia sana kinapotea. Ndiyo maana mnyama hutaka kuinua au kuinamisha kichwa ili apime kina na umbali. "Farasi anaporuka kiunzi," alisema, "ile dakika ya kuondoka ardhini hakioni tena. Anaruka kile alichokiona mbele kidogo na kukumbuka. Sasa wewe unamkaza kichwa juu, unamfikisha ukingoni, ni kama kumfunga mtu kitambaa usoni halafu umwambie ruka. Na mara ya mwisho aliruka akaanguka. Ungekuwa wewe, ungeruka?"

Sikuwa na jibu.

Akasema kwamba kwa farasi kuna aina nyingi za ukorofi wa kuruka. Yuko anayegoma, anasimama ghafla na mpandaji anaendelea peke yake hewani. Yuko anayepiga chenga, anakwepa kiunzi kwa kando. Yuko anayekimbilia kiunzi kama kichaa, na watu humsifu wakidhani ni shujaa, kumbe ana hofu na anataka tu yaishe haraka. Aliwahi kutunza farasi mmoja wa kijivu aliyeanza kugoma bila sababu. Wakambadilishia mpandaji, wakamchapa, wakamtia hatamu kali zaidi. Mwishowe daktari alipombonyeza mgongo, pale tandiko linapokaa, farasi akapiga magoti. Alikuwa na maumivu miezi mingi. "Kwa hivyo sisi masaisi tulikuwa na sheria yetu. Mnyama akikataa, usianze na fimbo. Anza na mwili. Huyu wako umemkagua?"

Nilisema ndiyo. Ulikuwa uongo. Mzee akapitisha mkono wake mgongoni mwa Naibor, taratibu, mpaka akafika nyuma ya miguu ya mbele pale ninapofungia kamba ya tumboni. Naibor akaruka kando. Mzee akaifungua kamba. Chini yake kulikuwa na kidonda kirefu kama kidole, chekundu, kimeshikana na nywele.

Kamba hiyo ni ya nailoni, nyembamba. Ule mkanda mpana wa ngozi aliokuja nao kutoka kwa Koko ulikuwa umekatika Mei, na mimi ndiye niliyeupuuza, kwa sababu kushona mkanda huchukua jioni nzima na kufunga nailoni huchukua dakika moja. Nilikuwa nafunga gizani, nakaza, naondoka. Kila mara Naibor alipojikunja ili aruke, kamba ilimkata. Nilisimama pale nikahesabu siku. Zilikuwa zaidi ya arobaini.

Nilimwambia yeyo usiku huo huo. Sikumficha la kamba wala la sikio. Yeyo hakunipiga, alinyamaza tu, na nadhani mnajua kunyamaza kwa mama. Kesho yake akasema Naibor atapumzika wiki mbili, na maji tutabeba mimi, yeye na mdogo wangu, mtungi mmoja mmoja. Kwa siku kumi na nne niliruka lile korongo na lita 20 mgongoni. Nilianguka mara mbili. Bahati nzuri sehemu kubwa ilikuwa likizo ya Agosti, la sivyo daftari la kuchelewa lingejaa.

Kidonda tulikiosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kila jioni, na yule daktari wa mifugo anayepita kwetu akatupa dawa ya kupaka. Nilishona mkanda mpya kwa gunia lililokunjwa mara tatu, mpana kama kiganja changu. Mzee akalikagua, akanirudisha nikashone tena, kwa kuwa fundo lilikuwa upande wa ndani.

Ndipo masomo yakaanza, na hapa naomba wenye haraka warukie mbele, maana yalikuwa marefu na ya kuchosha. Siku ya kwanza Mzee aliweka fimbo moja chini, katika uwanja wake, nimpitishe Naibor juu yake. Basi. Huo ndio ulikuwa mwisho wa somo la siku. Nikadhani ananifanyia mzaha. Siku ya pili fimbo mbili. Kisha akachimba kwa jembe mfereji wa upana wa mkono, usio na kina hata cha kuficha yai, tukavuka huo. Kila siku mbili tatu aliupanua kidogo. Akasema hivyo hivyo ndivyo farasi aliyeharibika anavyorudishwa: unashusha kiunzi mpaka mahali ambapo hana sababu ya kuogopa, hata ikiwa ni fito iliyolala chini, halafu unapanda naye pole pole.

Mimi nilipewa kanuni zangu. Nisisimame mbele yake, kwa sababu nikisimama mbele nimemzibia. Nisimame kando, karibu na bega. Nisivute mfululizo. Nivute kidogo, na akiegemea mbele hata kwa kidole kimoja nilegeze papo hapo, ajue kwamba kusogea ndiko kunakomletea raha. Akisimama, nami nisimame. Nisiongee sana. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda kuliko zote, walimu wangu wanaweza kushuhudia.

"Farasi akiogopa hukimbia," Mzee aliniambia siku moja tukiwa tumekaa tunamngojea Naibor aamue. "Punda akiogopa husimama. Watu wanaona amesimama, wanasema ni mjinga. Yeye anafikiria." Nilikuja kusoma baadaye kwamba punda walianza kufugwa karibu miaka 7,000 iliyopita, upande huu huu wetu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, na kwamba jamaa zao wa mwituni, ambao sasa wamebaki wachache sana Ethiopia na Eritrea, huishi katika nchi kavu ya mawe. Kukimbia ovyo mahali kama hapo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo kusimama ni akili waliyorithi.

Siku niliyoruhusiwa kutumia kompyuta ya shule nilitafuta pia habari za farasi wanaoruka. Nikasoma juu ya Kapteni Alberto Larraguibel wa Chile na farasi wake Huaso. Tarehe 5 Februari 1949, mjini Viña del Mar, waliruka kiunzi cha mita 2.47, na mpaka leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo. Mita 2.47 ni juu kuliko mlango wa darasa letu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Huaso alikuwa farasi wa mashindano ya mbio aliyeshindwa kazi, na kwamba kiunzi kile alikivuka katika jaribio la tatu. Nilipomweleza Mzee alitikisa kichwa, akasema siku hizi katika mashindano ya kimataifa farasi akigoma mara moja hukatwa alama 4, akigoma mara ya pili hutolewa uwanjani. "Naibor angekuwa ametolewa Juni," akasema.

Katikati ya Septemba tulirudi korongoni. Tulimwazima punda mzee wa jirani, jike lisilojali kitu chochote duniani, likatangulia. Likaruka. Naibor akashusha kichwa, akatazama. Nikasimama kando ya bega lake, kamba imelegea, nimefunga mdomo. Jua lilichomoza tukiwa hapo. Sijui ni dakika ngapi, labda ishirini. Mara nikahisi bega lake linarudi nyuma, nikadhani anageuka kurudi nyumbani, na kufumba na kufumbua alikuwa ng'ambo, ananusa mkia wa mwenzake. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa ploti zote wakabweka. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa mrudishe nyumbani. Leo usimwombe tena."

Kuanzia hapo mambo yakawa hivi: kwenda, anaruka mtupu. Kurudi, namshusha mitungi yote, naivusha kwa mikono, anaruka mtupu, namfunga tena. Na mitungi ni mitatu, si minne. Yeyo alilalamika kuhusu huo mmoja, kisha akazoea.

Sasa nimefika kwenye ile asubuhi ya kicheko. Oktoba, usiku kucha ilikuwa imenyesha. Tulifika korongoni gizani, na Naibor akasimama. Akakaza miguu kama ile ya Juni. Moyo wangu ulianguka. Nilimkagua mkanda, ulikuwa sawa. Nikampapasa mgongo na miguu, hakushtuka. Nikalegeza kamba, akashusha kichwa, akatazama, akapumua, akarudi nyuma hatua moja. Kengele ilikuwa inakaribia, na nitasema ukweli, mkono wangu ulitafuta fimbo ingawa siku hizo sikuwa naibeba tena.

Tukangoja. Kulipoanza kupambazuka niliruka mwenyewe nione upande wa pili. Nilitua kwa mguu mmoja, na ardhi yote ikashuka nami. Maji ya usiku yalikuwa yameula ukingo kwa chini. Juu palionekana nyasi na udongo kama kawaida, ndani palikuwa pango. Niliangukia kifuani, nikatoka nimejaa matope na goti limechubuka. Naibor alikuwa amesimama pale pale, masikio mbele, ananitazama.

Tulitafuta mahali pengine, kama hatua sitini kwa juu ambako kuna mawe. Hapo alinusa mara moja tu akaruka. Ndipo tunapovukia mpaka sasa. Niliteka maji, nikayafikisha kibandani, nikabadili sketi, nikakimbia shuleni, nikamkuta mwalimu wa zamu langoni. Alitaka sababu kwa ufupi.

Bado iko. Majuzi niliomba kuliona lile daftari la waliochelewa la mwaka wa 2024, nikafunua ukurasa wa mwezi huo. Jina langu, darasa, saa 2:15, na katika safu ya sababu mwalimu aliandika neno moja tu: punda.